Medali ya Mjomba Novatus

Mackrine, uko wapi? Nimetoka kanisani sina pa kuficha uso.

Si unaijua ile medali ya mjomba Novatus, ya waliopambana kisiri Amin alipoteka ng'ambo ya Mto Kagera? Leo kaivaa kwenye ubatizo wa mwanangu. Hotuba nusu saa!

Bibi Katusiime akasimama. "Novatus, siku zote zile ulikuwa kwenye shimo langu la kuivishia ndizi za pombe. Nilikufunika blanketi, nikakuletea uji. Aliyepeleka habari za adui kwa jeshi letu ni mimi."

Kwenye shimo, Mackrine! Shujaa wetu aliivishwa pamoja na ndizi!

Mjomba akaanza kuivua medali, jasho linamtiririka.

Bibi akamwambia, "Hiyo kaa nayo. Nirudishie blanketi langu."