Kibuyu cha Kunde za Mama

Kinyerezi, Dar es Salaam

Dada yangu Tabu,

Shikamoo dada. Watoto wanaendeleaje, na kifua cha shemeji kimetulia? Mie mzima wa mwili, ila mambo hayajakaa sawa. Barua hii anakuletea Mwalimu, jirani yangu anayekuja huko likizo, pamoja na kiroba cha unga. Tangu uiuze simu yako kila neno linapitia kwa mwenye duka, na hili sikutaka lipitie kwa mtu.

Salamu zako zilinifika, kwamba mvua imewakimbia tena, watoto wanakula mara moja kwa siku, na ndani kimebaki kibuyu cha kunde za mama tu. Dada, naomba usizipike. Najua hapo ulipo umesonya. Sonya, lakini soma mpaka mwisho.

Unakumbuka zile kunde ulizonigawia tulipomaliza msiba wa mama? Nilizipeleka kazini, kwenye kile kibanda cha wavu nilikokuwa namwagilia na kuosha mizizi. Dokta, yule mama mwenye mradi, ambaye ni daktari wa mimea na si wa watu, akakubali tuzipande. Udongo wetu ulikuwa unakaangwa kwanza kwenye pipa ili kuua magonjwa. Basi kunde za mama zikatia aibu, njano, zimedumaa, na pembeni mbegu ya dukani, ileile mliyouziwa huko, imenawiri kwa mbolea. Wenzangu walininanga wee. Kisha Dokta akaongeza udongo mbichi wa shambani kwenye kila kopo, mbolea akaikata kwa zote. Ungeziona, dada! Za mama zikainuka na kukoza kijani mpaka nikaona haya kwamba nilizikatia tamaa. Za dukani zikabaki zinatuangalia.

Tukaichemsha mizizi, tukaitia wino na siki kama tunavyofanyaga, tukaitazama kwenye hadubini. Ya mama ilijaa nyuzi nyembamba za buluu. Ndio kuvu wa udongoni hao, wameingia hadi ndani ya mzizi. Wanauletea mmea chakula kutoka kule ambako mzizi haufiki, na mmea unawalipa sukari. Ya dukani ilikuwa mitupu. Dokta akanieleza kwamba mzizi wenyewe ndio unaowaita, na kule kuita kumo kwenye vinasaba, mmea unarithi kama wewe ulivyorithi pua ya baba.

"Hii ya dukani imelelewa kwa mbolea kizazi hadi kizazi, imepoteza sauti," akaniambia. "Ya mama yako bado inaita."

Nililia, sikufichi. Nilimkumbuka mama alipohamia shamba la juu, amebeba udongo wa shamba la zamani kwenye kanga akaumwage kule. Watu wakasema mchawi, anahamisha rutuba ya wenzake. Hata sie wanawe tulimsihi aache, akaacha. Amekufa na jina hilo.

Sasa nisikilize. Maganda yalikuwa yanakaribia kukauka, tunangoja tuvune, mvua ikanyesha mfululizo. Mto wa hapa bondeni ukafurika, ukabeba kibanda, makopo, kila kitu. Mimi na Dokta tulipekua matope mpaka kucha zikatoka damu, hatukupata hata punje. Mradi umefungwa. Siku hizi nachambua nyanya sokoni Mabibo, nzuri huku, zilizooza kule, na kibarua hicho ndicho kilichonunua huo unga.

Kwa hiyo kunde zile sijui ziko wapi tena duniani isipokuwa kwenye kibuyu chako. Hiyo mbegu ya dukani bila mbolea umeona ilivyowatenda, na mbolea nani kwetu ataiweza? Nakuomba ubakishe japo konzi moja, uichanganye na majivu, uifiche watoto wasiione. Mvua ikirudi uzipande shamba la chini, lile la zamani la mama, na msilichome moto kabla ya kulima, kuvu wale wasije wakaungua.

Ni rahisi kwangu kusema. Wanaolia njaa ni watoto wako, si wangu, na huo unga hautafika mbali. Naona aibu kukuomba, na bado naomba.

Msalimie shemeji, na mama mkubwa aliyesaidiana na mama kutulea baba alipoondoka. Nisalimie pia mama mdogo, yeye aliyeanzisha yale maneno ya uchawi. Hasira ninayo, ila nguvu za kugombana sina.

Na kama kibuyu kilishaingia chunguni kabla Mwalimu hajafika, usinitungie uongo, dada. Niambie tu kwamba watoto walilala wameshiba.

Mdogo wako,
Neema