Mzee Aliyehamishiwa Nje ya Mlango

Nyanchwa, Kisii
Desemba

Kaka Mwakio,

Salamu kwanza, kwa kuwa Mama alitulea hivyo, hata kama leo sina hamu ya kukusalimu. Natumaini goti la Mama limepoa na kwamba mvua imefika Wundanyi. Hapa inanyesha kila alasiri, na mimi ni mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza kusema. Msomee Mama barua hii yote, kwa sauti, bila kuruka mahali.

Umewaambia watu wa nyumbani kwamba nimefukuzwa kazi shuleni kwa kuchora matusi, na kwamba Januari utakuja na pikapu kunirudisha nikakae dukani kwako. Ulichokiona ni video ya simu, wazazi wakicheka mbele ya ukuta. Hukuniuliza. Yaliyotokea ni haya.

Mwaka mzima, asubuhi nilichora picha za vitabu vya watoto hapa chumbani, na mchana nilipanda bodaboda kwenda kufundisha sanaa katika shule moja upande wa Marani. Siku ya kwanza niliwaambia wanafunzi wachore nyumba zao. Wakanichorea vibanda vya nyasi na mti wenye kilele bapa, kama walivyoona vitabuni. Nje ya dirisha kulikuwa na chai, migomba na mapaa ya mabati. Niliwafokea. Niliwaambia anayechora asichokiona anadanganya. Walichukua muda kuacha, lakini waliacha. Muhula wa mwisho tukaanza ukuta wa maktaba: boma moja la hapa, kuanzia shamba la chai hadi mezani.

Meza niliichora mimi. Nilimweka mzee nyumbani kwa mwanawe, mke wa mwana akimmiminia chai. Sura nilimpa ya marehemu Baba, kutoka ile picha aliyopigwa kwako, wifi akiwa nyuma yake na birika. Juu nikaandika: Babu kwa mwanawe.

Kwetu hilo ni jambo la kila Jumapili. Hapa mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima kati yake na mke wa mwana, wanaiita chinsoni, na hawana mzaha nayo. Sikujua. Mwalimu Ombati, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyepewa kazi ya kukagua michoro. Aliuona mchoro wangu, akaupitisha.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuja kuchukua ripoti, wakapita mbele ya ukuta. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Baba mmoja mwenye kofia ya sufu akauliza, "Madam, na usiku mnamlaza wapi? Katikati?"

"Mwacheni," akadakia mwingine, "huyo ameshashiba, hata aibu hana!"

Uwanja mzima ukacheka, simu zikatolewa. Kisha kicheko kikaisha, na sehemu hiyo video yako haina. Walitaka ukuta wote upakwe chokaa.

Nilimuuliza Ombati kwa nini alinyamaza. Alikuwa akitafuna muwa. "Nilidhani unajua, madam. Si wewe unafundisha watu kuchora wanachoona?" Nimefanya kazi na watu wabaya wengi. Huyu simsahau.

Mkuu wa shule hakutaka maelezo. "Paka chokaa. Na hiyo kazi yako pia tutaiangalia."

Nikamwambia mwenye kosa ni mzee mmoja, si chai wala migomba waliyoichora watoto kwa muhula mzima. Akaitazama ndoo ya chokaa, akawatazama wazazi. "Basi mrekebishe huyo mzee kabla hawajaondoka," akasema. "Ukishindwa, ni chokaa na kwaheri."

Nilianza kumkwangua Baba, miguu kwanza, uso mwisho. Mwanafunzi wangu Kemunto alinichanganyia rangi. Nikamuuliza mbona nao hawakuniambia.

"Ulituambia ni baba yako, madam," akasema. "Tukadhani kwenu mnaruhusiwa."

Nikamchora upya nje, kwenye kigoda kando ya mlango, migomba nyuma yake, mjukuu akimletea ugali na mboga ya chinsaga. Uso ni uleule. Mke wa mwana nilimwacha ndani na birika lake. Yule wa kofia ya sufu akaja, akainama, akakagua kizingiti kama anayepima shamba.

"Huo mguu usogeze nje kidogo."

Nikausogeza.

"Ee. Sasa anaweza kula."

Hakuna aliyedai chokaa tena. Mkuu wa shule aliniambia nirudi muhula ujao, na kwamba kila mchoro ataukagua yeye mwenyewe. Nikamjibu kwamba wakaguzi wangu watakuwa wazazi, si yeye wala Ombati. Hakupenda, lakini alikubali. Kwa hiyo sijafukuzwa, na uliowaambia nimefukuzwa utawarudia mmoja mmoja uwaambie hivyo. Kosa langu nimelieleza bila kuficha. La kwako bado linatembea huko nyumbani.

Ndani ya bahasha kuna picha ya ukuta. Ni ya Mama. Mpe mkononi, usiiweke dukani kuonyesha wateja. Atamtambua mzee wake kabla hujasema neno.

Msalimie Shangazi Mghoi aliyenifunza kushika penseli. Mwambie bado naishika alivyonifunza. Msalimie wifi, yeye sina ugomvi naye. Mwambie birika lake liko ukutani Marani. Watoto wako wabusu.

Pikapu ibaki huko ikibeba mchele wako. Lakini ukija na ukaidi wako, ujue desturi ya hapa nimejifunza na nimeipenda. Utawekewa kigoda nje, kando ya mlango. Chakula utaletewa.

Dada yako,
Wakesho