Mlango wa Banda la Penmarsh

Jumamosi, 12 Januari 1980
Nimesugua shaba, kama kila Jumamosi. Nimezungusha mkono wa kuwashia. Injini imekohoa, ikanguruma, ikazima. Yatosha. Gari langu la Penmarsh halihitaji kwenda popote.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu wa machimbo ya dhahabu. Dhahabu ilipokwisha Mzungu aliondoka, gari likabaki. Kiwanda kilicholiunda kilikuwa kidogo, cha mji mmoja wa mashambani Uingereza, na kilikufa kabla sijazaliwa. Mbao ndani, alumini nyembamba juu. Mimi Baba aliniachia gari. Mdogo wangu Shisia alimwachia boma na shamba la miwa. Ninakaa Shieywe, karibu na shule ninakofundisha. Banda la gari liko bomani, chini ya macho ya Shisia. Mpango huu sijawahi kuupenda.

Jumapili, 20 Januari
Mgeni kutoka Nairobi. Hukusanya magari ya kale. Alipiga magoti, akasoma bamba la jina. Kisha akasema hajui Penmarsh jingine lililobaki popote. Nilimwambia haliuzwi. Alitabasamu upesi mno. Nilimuuliza ni nani aliyemwelekeza kwetu. "Watu," alijibu. Watu wana majina.

Jumatano, 23 Januari
Nimemwona Shisia sokoni, hotelini, pamoja na mgeni yule yule. Chai, mandazi, vichwa karibu. Mgeni alikuwa akichora kitu mezani kwa kidole. Sikuingia. Anayeingia husikia kile tu anachotakiwa kusikia.

Jumamosi, 26 Januari
Nimemkuta Shisia bandani na seremala Wafula. Walikuwa wakipima mlango kwa kamba. Wafula aliikunja aliponiona.

"Ni mchwa tu tunaangalia, Mwalimu," Shisia alisema. "Wewe unashuku kila mtu kama askari kanzu."

Wafula alicheka. Mimi sikucheka. Anayepima mlango anafikiria kitu kitakachopita hapo.

Jumamosi, 2 Februari
Shisia na mkewe wamekwenda matangani Butere. Nimeleta wanaume kutoka Matete na ng'ombe wao wa kukokota. Watu wa mbali hawana wa kumsimulia. Wamelivuta gari kwa njia ya trekta hadi katikati ya miwa, ambako Shisia haingii mpaka siku ya kukata. Miwa imempita mtu kimo, tena sana. Tumelifunika kwa turubai na majani makavu. Ukisimama hatua chache tu, huoni kitu. Nimetulia.

Jumatatu, 4 Februari
Nimemwambia Shisia kwamba gari liko kwa fundi Kisumu. Alilitazama banda tupu. "Ungeniambia," alisema. Kisha: "Basi ingokho zimepata nyumba ya bati." Utani wa kuku, wa kuficha jambo. Usoni niliona hasira ya mtu aliyewahiwa. Akaendelea kulalamikia miwa: trekta za kiwanda haziji, miwa inakauka, majirani waliochoma yao walikatiwa wiki ileile, kwa sababu miwa iliyoungua haingojwi. Nilikuwa nikiuchunguza uso wake. Maneno sikuyapa uzito.

Alhamisi, 14 Februari
Moshi mweusi upande wa nyumbani. Niliacha darasa, nikachukua baiskeli. Shisia alikuwa ukingoni mwa shamba na majirani, matawi mabichi mikononi, wakizuia moto usivuke njia. Alikuwa na furaha.

"Sasa wakataji wa kiwanda watakuja mbio, Mwalimu. Kesho utaona mapanga."

Nilisema: "Gari limo ndani."

Hakuniuliza lolote. Aliangusha tawi, akaukimbilia moto. Majirani walimtoa kwa kumburuta. Mikono yake imeungua hadi viwikoni. Mimi sikusogea. Naandika hili kwa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 15 Februari
Chasi. Injini. Rimu. Alumini imetiririka ikaganda kama uji uliomwagika. Bamba limepinda, jina halisomeki. Wakataji walifika asubuhi, wakakata wakilizunguka. Mmoja aliuliza hiyo ni trekta ya nani.

Jumamosi, 23 Februari
Wafula ameleta mlango. Mvule, bawaba nene, kitasa cha chuma. Shisia aliuagiza mwezi uliopita. Yule mgeni alikuwa amemwita hotelini ili anishawishi niuze. Shisia alikataa. Mgeni akamchorea mezani jinsi mlango wetu uliooza ungeng'olewa kwa mkono mmoja, na mtu yeyote akaingia. Shisia aliogopa. Alitaka nije Jumamosi moja niukute umeshafungwa. Aliyenieleza haya yote ni Wafula, akiwa anakaza bawaba.

Nilidhani Shisia ataurudisha. Alisema mlango ukishapimwa ni wa nyumba hiyo, hauna kwingine pa kwenda. Mikono yake ina bendeji, kwa hiyo aliyeushikilia nilikuwa mimi.

Ufunguo ni mmoja. Alinionyesha kwa kidevu niuchukue. Nilimwambia akae nao yeye.

"Nitaushika na nini?" aliuliza, bila ukali.

Nimeutundika nyumbani kwake, juu ya meza ya chakula, mahali anapouona. Kisha nimerudi bandani na kitambaa changu, nikasugua kitasa. Mlango unafunga bila mlio.