Mtani wa Mfalme wa Uchina

Jumatano, Morogoro. Mvua tangu alfajiri, na moyo umeniinama.

Nimesoma tena sura ya kuanguka kwa nasaba za Uchina. Mwandishi anataja kodi zilizowaelemea wakulima, ardhi iliyoishia mikononi mwa wakubwa, mafuriko, njaa, matowashi walioishika ikulu, wavamizi wa kaskazini. Sibishi. Lakini nimekwama kwenye aya moja fupi: palikuwa na maofisa ambao kazi yao ilikuwa kumwambia mfalme makosa yake. Nasaba ilipochakaa, walichapwa viboko, wengine wakauawa. Waliobaki wakaandika kwamba ghala zimejaa.

Mimi ni wa hao waliobaki.

Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji, mbele kidogo ya Itetemia, Tabora. Kisima chetu kilikuwa shimo kavu la kimo cha mtu. Bwana mkubwa wa wilaya alipenda habari njema, nikamwandikia kuwa kimekamilika. Wachimbaji wakapelekwa kwingine.

Kibwana, seremala Mzaramo, alikuwa mtani wangu. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu misafara ya kwenda pwani; mtani anaweza kukusema hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Bwana mkubwa alipokuja kukagua, Kibwana alisimama mkutanoni:

"Ewe Mnyamwezi, mbeba mizigo! Lete ndoo tuchote wino kwenye kisima chako cha karatasi!"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mgeni hakucheka.

"Katibu, huyu ni nani?"

Nilipaswa kujibu: ni mtani wangu, na asemalo ni kweli.

Nilijibu: "Mpinga maendeleo, ndugu."

Walimchukua jioni ile. Hakurudi. Kiangazi hicho tulikunywa maji ya madimbwi, kuhara kukaingia, tukazika watoto. Mwaka uliofuata niliihama Tabora, na sijakanyaga tena.

Jana binti wa Kibwana alinipigia simu kutoka Kanyenye, huko huko Tabora.

"Shikamoo, mzee wangu. Mama alisema wewe ndiye uliyekuwa mtani wa baba. Nani alimchongea?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Leo nimemwandikia ujumbe: "Mwanangu, ni mimi." Ile ripoti ya kisima niliiandika mara moja, bila kufuta neno. Haya maneno matatu nimeyafuta mara sita.

Je, nitayatuma kabla hajapiga tena?