Waliomtaja Justina

Bariadi, mwezi wa saba

Mwanangu Salvatory,

Mwangaluka, baba. Umeamkaje huko Karatu? Kile kifua chako cha utotoni kilipona, au baridi ya mlimani bado inakukohoza? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linauma, lakini halijanizuia kumfukuza mbuzi wa jirani. Mvua ilitunyima, pamba imekuwa fupi, mahindi ya kula tumepata. Anayeandika ni Jenifer, binti wa dada yako Domitila. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinirembe.

Usishangae nimejuaje uliko. Chanzo ni vyungu.

Jenifer ana steshenari mjini, na mwaka jana alinitengenezea tovuti ili watu wavione vyungu vyangu wakiwa mbali. Nikangoja. Hakuja mtu. Nikamwambia duka lako hilo la hewani lina nzi tu. Akasema mtu akitafuta vyungu vya Kisukuma kwenye simu, anayetokea juu ni Justina wa Mwanhuzi. Mimi niko chini kabisa, ambako hakuna anayefika. Nilikasirika. Yule Justina mtungi wake una kiuno kama gunia! Jenifer akacheka, akasema si kiuno, bibi, ni kutajwa. Tovuti za watu wengine zinamtaja Justina na kuweka kiungo, yaani ukibonyeza hapo unafikishwa kwake. Mimi hakuna aliyenitaja. Hilo nililielewa upesi, maana hata chungu changu cha kwanza kiliuzwa na mdomo wa shangazi.

Basi akawatafuta wote waliomtaja Justina. Walikuwa thelathini na mmoja, akanisomea mmoja mmoja. Wengine wa kamari, wengine wametaja kila kitu duniani mpaka dawa ya meno. Nikasema hao waache, sifa ya mlevi haiozeshi binti. Wakabaki wanne wa maana: akina mama wa parokia, mpishi anayeandika juu ya maharage ya chunguni, watu wa makumbusho, na nyumba moja ya wageni ya Karatu. Jenifer akataka kuwaandikia siku ile ile, awaeleze vyungu vyangu, awaombe nao wanitaje. Nikamkataza. Huendi kwa watu wa mwenzako yeye hajui. Huo ni wizi. Nikabeba jogoo, nikapanda basi mpaka Mwanhuzi kumwomba Justina ruhusa.

Justina alinicheka mpaka akakaa chini. Akasema mama, hao wengi hata siwajui, wachukue wote, ila jogoo simrudishi. Tukamla pamoja. Nilipoitaja nyumba ya wageni ya Karatu akasema mwenye nyumba hiyo namjua. Huja kila mwaka baada ya mavuno, hununua mtungi mmoja, lakini kwanza huugonga mara mbili chini ya shingo, anainamisha sikio, halafu anasema mzuri, ila si wenyewe.

Baba, tonge lilinibaki mkononi. Nani mwingine hugonga hivyo? Nilikufundisha ukiwa huna meno ya mbele.

Niliporudi Jenifer akanisomea ukurasa wako wote. Umeandika kwamba mama yako alikuwa mfinyanzi, kwamba ulimwandikia barua tatu hakujibu, ukadhani ameacha udongo au ameiacha dunia, ndiyo maana wageni wako unawaelekeza kwa Justina.

Sasa nisikilize. Barua zilifika. Zote tatu. Ulipoondoka, mwezi mmoja tu baada ya kumzika baba yako, ulisema mbele ya watu kwamba udongo ni kazi ya wasio na akili. Hasira iliniozea ndani. Kusoma sijui, na sikutaka mtu anisomee, nisije nikasikia msamaha nikalainika, au nisiusikie nikafa. Nikaziweka chini ya miti mikavu ya pamba, nikachomea vyungu. Domitila aliponiuliza nikasema hakuna kilichofika. Miaka kumi na moja nimelala na uongo huo. Ulichoniandikia sikijui mpaka leo, na kila nikichoma vyungu nauuliza moshi.

Mtungi mmoja wa moto ule sijauuza. Wengi wameutaka. Uko kwenye kona uliyokuwa ukilala, na ukiugonga unatoa ile sauti unayoitafuta.

Jenifer anauliza kama tukuombe na wewe kiungo. Wale watatu ameshawaandikia, na mpishi keshakubali. Wewe sitaki unitaje. Mwache Justina pale alipo, ni mtu mwema. Wewe njoo uniambie kwa mdomo kilichokuwa kwenye zile barua, hata kama ni matusi. Namba yako ya simu iko pale kwenye ukurasa, Jenifer alitaka nikupigie. Nimekataa. Barua tatu hazijibiwi kwa simu.

Domitila anakusalimu, na jirani mwenye mbuzi pia. Nisalimie mkeo kama unaye, na watoto kama wapo. Aibu yangu ni kwamba sijui niwasalimie kwa majina gani.

Mimi mama yako,
Wilhelmina

Sahihi siijui. Hilo doa hapo chini ni kidole gumba changu. Nilikuwa nafinyanga, sikunawa.