Wale Wachache Waliokataliwa na Dawa

Wodi ya Watoto,
Kitanda cha dirishani.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na unisamehe mwandiko, naandikia magotini. Hujambo wewe? Wifi hajambo, kile kifua chake kimetulia? Na wanangu wanasoma vizuri? Mimi nikikuambia sijambo ni adabu tu.

Simu nimepiga mpaka nimechoka. Ulinijibu mara moja tu, kwamba una andiko la kumaliza, utanitafuta. Nikangoja. Ndipo daktari wa wodi akanionyesha kuwa chini ya kila andiko lako kuna anwani, kwa yeyote mwenye swali. Basi nimekuja kwa mlango wa wageni. Muuguzi ataipiga picha barua hii aitume huko, maana na mimi nina swali.

Chiriku wetu amevimba. Jina hilo si tulimpa kwa kuwa hafungi mdomo? Sasa anajibu kwa kope tu, nazo asubuhi hazifunguki. Mkojo wake unatoa povu kama maji ya kufulia. Wanasema figo zinavujisha protini. Wewe wayajua hayo kuliko mimi niliyeishia darasa la nne.

Siku tuliyolazwa nilimwambia daktari kwamba mjomba wa mtoto anaandika mambo ya figo. Akafungua kompyuta, akashusha, akashusha, maandishi yako hayaishi: figo za watoto, presha ya watoto, watoto njiti. Akasema, "Kumbe wewe ndiye dada yake! Hapa vidonge tunavipanga kwa kumfuata yeye." We! Nilitembea wodini kama bibi harusi. Akina mama wakanibatiza Mama Profesa.

Wiki za vidonge zimekwisha, uvimbe uko palepale. Daktari akaniambia kwa upole, "Mama, ndugu yako mwenyewe ameandika: wengi hupona, wachache dawa huwakataa." Nikamwomba anisomee habari za hao wachache. Akatafuta weee. Akasema wametajwa kwa mstari mmoja, kisha andiko linaendelea na waliopona.

Hao wachache walikwenda wapi, mdogo wangu? Wewe uliwaona. Uliwabonyeza matumbo, ulikaa na mama zao. Nani alipona baadaye, na kwa dawa gani? Nani hakupona? Niandikie yote, hata yasiyopendeza kuchapishwa. Sikulaumu. Mfa maji haishi kutapatapa, nami ndiyo natapatapa hivi.

Jumatano wanataka kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, wajue ugonjwa ni wa aina gani ndipo wabadili dawa. Shemeji yako amegoma. "Mwanangu si gunia la mahindi, achomwe ili waone kilichomo!" Miaka yote yuko ghalani, ndiyo lugha yake. Nikimbembeleza ananiambia, "Huyo mdogo wako akisema sawa, mimi nitanyamaza. Si ndiye bingwa? Mbona hasemi?" Anakuheshimu mno, ndiyo shida yenyewe.

Akina mama nao wameacha kuniita Mama Profesa. Wananiletea chai bila kunitania, na huruma hiyo ndiyo inanikata maini.

Nimeamua hivi. Ukikaa kimya, Jumatano asubuhi nitamkubalia daktari mimi peke yangu, na ndoa itajijua. Naogopa. Ila tulilelewa tukiambiwa mjomba ni mama. Sitaki mtoto aingie chumba cha sindano na mama mmoja tu ilhali wa pili yu hai. Mpigie shemeji yako, hata dakika moja. Usimweleze figo. Mwambie tu, angekuwa wako ungemlaza achomwe sindano hiyo au usingemlaza.

Msalimie wifi, nibusie wanangu. Mama yetu anakusalimu sana. Hajui kama mtoto amezidiwa, kwa hiyo ukiongea naye jikaze. Mungu akulinde huko uliko, aibariki kazi ya mikono yako, na baraka hiyo itufikie na sisi wa kitanda hiki.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza,

Mama Chiriku