Auanzishe Mwenyewe

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika mtoto akiwa mgongoni, ndiyo kwanza amelala, kwa hiyo usishangae mwandiko kupinda.

Unakumbuka palizi ile ya ufuta, jirani yetu Bi Somoe alipofiwa na kichanga chake Salumu, hata siku arobaini hajafikisha? Watu walizika, wakamwambia nyamaza, utapata mwingine, wakarudi shamba. Wewe peke yako ulikwenda kukaa naye. Uliporudi ulikuwa na wimbo:

*Salumu mgeni wetu, mbona hukukaa sana,*
*Hukuacha hata nguo, umetuachia jina.*

Nilikuomba uniimbie tena. Ukasema, "Mimi nimetunga tu. Auanzishe mwenyewe." Nyimbo zako zote hapa Njinjo zilikuwa hivyo: hakuna aliyefungua kinywa mpaka aliyetungiwa aanze. Bi Somoe alinyamaza misimu kadhaa. Siku alipoanza, katikati ya shamba, wanawake wote waliitikia wameinama na majembe yao, na mimi nikaogopa kama mtoto aliyeingia msikitini bila kutawadha.

Sasa nikwambie. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, ufuta unatafutwa kwa magari ya vipaza sauti. Mnunuzi mmoja wa Nangurukuru alikuja nyumbani. Anautaka wimbo ule upigwe kwenye vipaza sauti vya gari lake, penye Salumu aweke jina la duka lake.

"Dada, mashairi ni ya watu wote," akasema. "Huku porini yanaoza bure."

Akaacha doti ya kanga na boksi la sabuni, nifikirie. Mama, sabuni sina, na vitambaa vya mtoto unavijua. Sikumfukuza. Nilimwambia nitamuuliza mwenyewe.

Bi Somoe alikuwa anapepeta. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo haukusimama.

"Huyo bwana alimpakata Salumu lini?"

"Hakumpakata, Bi Somoe."

"Basi ataanzaje?"

Kisha akanitazama. "Na wewe umekonda. Lete huyo mtoto, ukalale."

Nikajilaza palepale kwenye jamvi. Nikamsikia anauanza wimbo ule, polepole, kwa mjukuu wako. Jirani aliyekuwa anatwanga akaitikia, na wa nyumba ya pili naye, mpaka sikujua sauti zinaishia wapi. Ulimtungia mtu mmoja tu, mama, na humo tumeenea wote.

Mnunuzi nilimrudishia vitu vyake. Akasema tuna maringo ya bure. Nikamjibu, "Tafuta atakayekutungia wako. Huu una mwenyewe."

Na mimi nimetunga, wa kwanza. Ni wa mke wa jirani, yule binti ambaye mumewe amekwenda Dar kuuza mitumba na salamu hazirudi. Nilimwimbia mara moja, karibu na sikio. Alifunga kanga yake upya, akaenda kisimani. Bado hajauanzisha.

Ninasubiri, kama ulivyosubiri wewe.

Lala salama, mama. Mjukuu wako ameamka.

Mwanao